Vibaraka Hawapigi Hodi

Vijana wangu wa Rissne, mchezo wenu nimeusoma. Nimeusoma polepole, kidole chini ya mstari, maana mimi darasa nililiacha kabla halijanizoea, na miwani yenyewe ni ya marehemu mke wangu. Lakini nimefika mwisho. Kuna mfalme mbaya, kuna binti mzuri, kuna kisima kilichokauka. Sawa. Ila mwanzoni tu nilikuta mmeandika: "Vibaraka wanaingia, wanamburuta mzee nje." Hapo niliweka karatasi chini, nikaenda kuchemsha chai, na ile chai ikapoa bila kunywewa.

Mliniomba niwaandikie habari za kazi yangu, mkasema Papa Riziki amekaa jukwaani miaka mingi, atuambie mambo yanavyokwenda. Bon, nitawaambia. Ila sitaanzia mwanzo, mwanzo wangu hauna utamu, ulikuwa ndoo na fimbo ya kudekia. Naanzia kwenye hilo neno lenu.

Jumapili ile pale kanisani mmoja wenu, yule mrefu mwenye nywele za kusuka, alininong'oneza, "Babu, kibaraka ni nini?" Na ndiye mliyempa acheze kibaraka! Mwenzake akamjibu kwa Kiswidi, "Ni hejduk." Yule mrefu akatoa macho: "Na hejduk ni nini?" Mkaangua kicheko wote. Mimi sikucheka. Si ukali, jamani. Ni kwamba mimi nimekuwa hejduk. Nimevaa buti zake, nimekula mkate wake, na sasa nakula pensheni yake, nyembamba kama uji wa mgonjwa.

Hejduk ni neno la Kiswidi lililozeeka kunizidi mimi. Alinieleza Gunnel, msimamizi wa jukwaa, mama mfupi aliyetembea na penseli sikioni hata siku za likizo. Alisema zamani walikuwa askari wa huko mashariki, halafu wakawa watumishi wa kukimbia pembeni ya gari la farasi la bwana, halafu wakaisha kabisa duniani, likabaki neno. Sasa linaishi vitabuni tu, na kwenye mdomo wa mtu anayetaka kuwatukana watu wa bosi. Nikamwambia hata kwetu yapo maneno kama hayo. Bibi yangu alisema kapita. Kapita alikuwa msimamizi wa watu kwenye shamba la mzungu, lakini bibi alipolitamka ulisikia mate. Watanzania niliokaa nao nyumba moja nilipofika nchi hii walisema nyapara, wengine mpambe. Na kibaraka mimi nililisikia redioni kwanza, vibaraka wa mabeberu, vibaraka wa nani na nani, nikiwa mdogo nikadhani ni aina ya wadudu.

Lakini sikilizeni, nimekaa na hawa watu wa vitabuni miaka, nawajua. Kitabuni kibaraka hana mama. Haumwi jino. Hana mahali anapolala. Bwana anapiga makofi, yeye huyo, amefika. Mwandishi anamhitaji kama anavyohitaji mlango, ubaya upitie hapo kutoka kwa bwana mpaka kwa mnyonge, basi. Mlango nani anauliza habari zake? Na ninyi mmefanya hivyo hivyo. Binti mmempa jina, kisima mmekipa jina, hata mbuzi wa mfalme ana jina. Vibaraka hawana. Siwalaumu. Wote wanafanya.

Kazi yenyewe ilinikuta nadeki. Nilikuwa msafishaji wa jumba moja la michezo ya kuigiza hapa mjini, sitalitaja, halina kosa. Siku hiyo walipungukiwa na mtu wa kushika mkuki, Gunnel akatoka nyuma ya pazia, akanitazama kuanzia miguu.

"Wewe. Unaweza kusimama?"

"Nasimama tangu utotoni."

"Bila kutikisika?"

"Mama, mimi nimepita vizuizi vya wanajeshi kutoka Uvira mpaka ng'ambo ya mpaka. Kutotikisika ndiyo diploma yangu."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akanipa mkuki.

Kusimama ni kazi, msiidharau. Magoti usiyakaze, ukiyakaza damu inagoma na utaanguka kama gunia la makaa. Maharage usiyaguse siku ya onyesho. Soksi vaa mbili, maana buti za jukwaani zimevaliwa na watu waliokwisha kufa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mguu kama wako. Anayesema maneno usimtazame mdomo, mtazame mkanda wa suruali. Ukimtazama mdomo utasikiliza, ukisikiliza utacheka au utalia, na hulipwi kwa hayo.

Mimi mwenyewe niliwahi kusinzia wima. Mfalme anahutubia, taa zina joto, kanzu ya sufu, nikaenda zangu nyumbani usingizini. Mkuki ukaniponyoka, ukaangukia kwa wapiga ngoma kule chini, pang! Yule mfalme alikuwa mwerevu, akageuka akasema, "Hata mikuki yangu imechoka na vita." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kesho yake mwongozaji akaniomba niuangushe kila siku. Nikajaribu. Haikufaa. Kitu ulichokifanya kwa bahati mbaya huwezi kukifanya tena kwa makusudi kikapendeza.

Haya, nimetoka njiani. Narudi.

Mwaka mmoja, wa elfu mbili na kitu, tulipewa mchezo wa bwana tajiri wa mashamba na mzee wa kinu cha kusagia nafaka. Bwana anataka maji ya mto yaende kwake, mzee wa kinu anakataa. Basi bwana anawatuma hejdukar, vibaraka wake, wanaingia kwa mzee wakati anakula, wanamburuta nje, na hatujui wanampeleka wapi. Karatasi yao ilisema kama yenu: wanaingia, wanamburuta. Mwongozaji akasema kwa vibaraka anataka nyuso "zisizojulikana". Tulipojipanga, kumbe ni mimi, mwenzangu Sadiki, Mkurdi mmoja na mzee wa Chile. Nikamwambia Sadiki kwa Kiswahili, "Sisi hatujulikani? Nenda mtaani Fittja uone kama unafika kituoni bila kusalimia watu." Alitabasamu kidogo tu. Sadiki hakuwa mtu wa meno mengi.

Huyu Sadiki ndiye ninayetaka mmjue. Mtu wa milima ya juu ya Uvira, mdogo wangu kwa umri, aliniita yaya kama tunavyomwita kaka mkubwa kwetu, na Watanzania walituchekea sana, kwao yaya ni mlea watoto. Mke wake alifariki wakati wa kukimbia. Mtoto wao mmoja, Neema, alikuwa Bujumbura kwa shangazi. Na baba yake Sadiki, mzee kabisa, alichukuliwa nyumbani kwake na watu wenye silaha, watu wa mkubwa fulani wa huko, Sadiki mwenyewe akiwa safari ya kutafuta chumvi. Aliporudi alikuta sahani mezani. Baba yake hajaonekana mpaka leo. Shangazi alimwambia, "Shukuru Mungu, mtoto hakuona, alikuwa amelala kwa jirani." Hilo ndilo lililomfariji miaka yote, kwamba mtoto hakuona.

Sasa Sadiki alitaka jambo moja tu duniani, Neema aje. Ruhusa ilikuwa karibu kutoka. Lakini mtoto utamleta wapi? Alikuwa analala sebuleni kwa watu. Kulikuwa na nyumba ndogo Fittja, na mwenye nyumba alisema atampa mkataba akiwa na kazi ya msimu mzima. Kazi ya msimu mzima ilikuwa ile, kuwa kibaraka wa bwana mashamba. Akiikosa, nyumba hana. Nyumba hana, Neema anabaki Bujumbura.

Na Sadiki hakuweza kuingia.

Mazoezi ya kwanza tunafika kwenye mlango wa kinu, mlango wa mbao nyepesi uliopakwa rangi ya uzee, Mkurdi anausukuma, tunaingia. Nageuka, Sadiki hayupo. Amesimama kwenye kizingiti kama amepigiliwa misumari. Tukarudia. Akasimama tena. Mwongozaji akauliza kama haelewi Kiswidi. Anaelewa, nikasema. Tukarudia. Kwa kweli jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye kidevu. Mwongozaji akamwambia Gunnel, mbele yetu, kwamba huyu bwana kama hawezi mlango, wapo wengine wanaoweza mlango.

Nikamfuata Gunnel kwenye kichumba chake. Nikamweleza yote, na Kiswidi changu cha kuokoteza. Alisikiliza, akatoa penseli sikioni, akairudisha. Akasema, "Mlete. Na mwite Börje."

Börje ndiye aliyecheza mzee wa kinu. Mwigizaji wa siku nyingi, goti bovu, mdomo mbovu zaidi. Gunnel akamketisha kwenye benchi, akamwambia Sadiki amshike mkono juu ya kiwiko.

"Si hivyo. Fungua vidole. Gumba likae pamoja na wenzake, lisizunguke kwenda upande wa pili. Kama unabeba sinia. Umeona? Mkono ukiwa hivi humshiki mtu, unamgusa tu. Sasa Börje."

Börje akapiga ukelele, akajirusha mbele, akaanza kujiburuta sakafuni, anatapatapa, huku mkono wa Sadiki umemlalia juu kama jani. Ukitazama kwa mbali ungesema Sadiki anamuua.

"Anayeburutwa ndiye anayejiburuta," Gunnel akasema. "Ndiye mwenye nguvu zote, ndiye anayeamua aende wapi. Wewe unamfuata. Akitaka kusimama, atasimama, na huwezi kumzuia."

Börje pale chini akasema, "Nami nataka kusimama, ila goti halitaki. Nivuteni kweli sasa, jamani, ni mzee wa watu."

Sadiki akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi simvuti?"

"Humvuti."

"Yeye ananivuta mimi."

"Kabisa."

Hii ndiyo siri kubwa ya kazi yetu, vijana, na nawapa bure. Kwenye mchezo wenu yule mrefu anamshika mwenzake na gumba limefunga, niliwaona mkijaribu pale kanisani. Mwambieni afungue. Mtamvunja mtoto wa watu mkono.

Basi Sadiki akaweza. Lakini alikuwa na jambo lake moja pale mlangoni, na sisi wa nyuma tu ndio tulilijua. Kabla Mkurdi hajausukuma mlango, Sadiki alikuwa anasema, kwa mnong'ono, "Hodi." Kila onyesho. Nikamuuliza, wewe unafanya nini? Akasema, "Yaya, mimi siwezi kuingia kwa mzee anakula bila kubisha." Nikamwambia kibaraka gani anapiga hodi? Akasema, "Wale hawakupiga. Mimi napiga."

Börje masikio yake yalikuwa mazima kuliko goti. Siku moja wakati wa chai akamuuliza Sadiki anasema nini kule nje. Akaelezwa: kwetu unafika mlangoni unasema hodi, wa ndani anasema karibu, ndipo unaingia. Usipojibiwa unarudia, hata mara tatu. Mara ya tatu kimya, unarudi ulikotoka, huna ruhusa. Börje akafikiri, anatafuna. Onyesho la siku hiyo nikiwa kizingitini nilisikia kwa masikio yangu, kutoka ndani, kijiko mdomoni, na lafudhi ya Kiswidi tupu: "Karibu." Sadiki akaingia kama mtu. Na ikawa hivyo msimu mzima. Watu mia kadhaa wamekaa gizani wanaona unyama mlangoni, na pale pale mlangoni watu wawili wanakaribishana. Hakuna aliyewasikia.

Neema akaja. Binti mwembamba, wa umri wa kuanza kuficha mambo, na koti la kuazima lililomfika magotini. Tulikwenda kumpokea na wimbo, akina mama wa kanisani wakalia, Sadiki akambeba begi kifuani kama mtoto mchanga. Ile nyumba ya Fittja aliipaka rangi mwenyewe, chumba cha binti rangi ya waridi, akasahau kwamba alimwacha mdogo na amempokea mkubwa.

Hakumwambia anafanya kazi gani hasa. Alisema, jukwaani. Alitaka amwone mwenyewe, taa zote, watu wanapiga makofi, baba yake kati yao anainama. Mtu ambaye mara ya mwisho mtoto wake alimwona anakimbia porini na kandambili moja, mnamwelewa? Onyesho la mwisho lilikuwa Jumapili mchana, baada ya ibada. Gunnel kwa wema wake akatoa kiti cha mbele kabisa, katikati, kile ambacho mabwana wanakipigania. Neema akaja na gauni la kanisani, na akina mama wawili wa kumsindikiza.

Kiti cha mbele kina jambo ambalo sisi wa juu hatulijui. Mtu aliyekaa pale, macho yake yapo sawa na sakafu ya jukwaa. Haoni nyuso kwanza. Anaona buti.

Sikuona kitu. Nilikuwa namtazama mkanda mtu, kama nilivyowafundisha. Tulipiga hodi yetu, tukakaribishwa, tukaingia, Börje akajiburuta vizuri kuliko siku zote kwa kuwa ilikuwa ya kuagana. Makofi. Tukainama. Nikatafuta kile kiti cha mbele na macho, na kilikuwa kitupu.

Akina mama walisema alitoka taratibu, kwa adabu, akiomba njia. Walimkuta nje kwenye theluji bila koti. Kwenye treni ya Fittja alikaa anatazama dirishani, na Sadiki amekaa mbele yake na rangi ya jukwaani bado shingoni, anauliza, "Hukupenda? Ulisikia baridi? Umeumwa?" Binti anasema, "Hapana, Papa." Hapana, Papa, mpaka kituo chao.

Asubuhi Sadiki akanipigia. "Yaya, mtoto hali. Amekaa na koti karibu na mlango. Ananitazama miguu." Nikasema mlete. Kuta za mchezo zilikuwa hazijabomolewa, kinu bado kimesimama. Nilifikiri kama mimi nilivyoponywa hofu zangu nyingi pale pale, kwa kuona mbao nyuma ya ukuta na gundi chini ya upanga, basi naye aone ni uongo, ataponyeka. Sikujua kingine cha kufanya. Nani angejua?

Wakaja. Jukwaa mchana, bila taa zake, ni banda tu. Nikamwonyesha Neema unga wa kinu, ni vumbi la mbao. Nikamwonyesha supu ya Börje, kibao kilichopakwa rangi. Akaangalia kwa adabu. Nikaketi kwenye benchi la mzee, nikasema, "Njoo mwanangu, nishike mkono. Baba yako hakumvuta mtu. Nitakuonyesha. Vidole fungua. Gumba liache na wenzake."

Akaja. Akaweka mkono wake juu ya kiwiko changu, vidole vimefunguka, vyepesi. Akautazama ule mkono. Halafu polepole gumba lake likazunguka, likafunga. Alikuwa na nguvu yule mtoto.

"Si hivyo," nikasema. "Gumba nje."

"Najua, Papa Riziki. Lakini Babu walimshika hivi. Na mwingine alimshika hapa." Akagusa kola ya shati langu, nyuma.

Sadiki alikuwa amesimama pembeni. "Nani alikuambia?"

"Hakuna."

"Shangazi alisema ulikuwa umelala kwa jirani."

"Ndivyo nilivyomwambia Shangazi. Nilikuwa chini ya kitanda." Halafu akasema, bila kumtazama usoni, "Niliona buti tu, Papa, na mikono Babu alipoangushwa chini. Miaka yote sikujua buti zile zilikuwa na sura gani juu."

Hakumaliza, na hakuna kati yetu aliyetaka amalize.

Sadiki hakujitetea. Hakusema habari ya nyumba, wala ya Börje, wala ya mwenye nyumba. Alitoka kwa ule mlango wa mbao nyepesi, akaufunga nyuma yake. Tukamsikia anasimama. Halafu kwa sauti kamili, sauti ambayo jukwaani hakuwahi kupewa, akasema, "Hodi."

Neema alikuwa ameketi kando yangu kwenye benchi la mzee wa kinu, anachora kwa kidole kwenye lile vumbi la mbao.

"Hodi," mara ya pili.

Neno lilinijaa mdomoni, nawaambia. Lakini nyumba ile haikuwa yangu. Mwenye kukaribisha alikuwa yeye. Nikamtazama. Akaendelea kuchora.

"Hodi."

Tukasikia viatu vyake vinageuka, vinashuka ngazi za nyuma. Tulimkuta nje, ameketi kwenye ngazi za kuingilia mizigo, ametupa macho barabarani.

Wakaishi pamoja miaka, kwa amani. Hilo mlielewe vizuri. Hakumchukia baba yake. Ningependa niwaambie alimchukia, maana chuki ina dawa, watu hukaa wakasemezana. Alimheshimu, alimpikia, alimwita Papa, alipomaliza shule alimpelekea cheti mezani. Ila neno karibu hakumwambia tena. Chakula kikiiva alisema, "Chakula kipo, Papa." Na Sadiki naye alikula. Kazi yetu aliiacha, akaenda kuosha mabasi huko huko Botkyrka, upande wa Fittja, na hakuvaa buti tena hata theluji ilipofika magotini, alivaa viatu vya chini na mifuko ya plastiki ndani.

Nami nikabaki mpaka vibaraka wakaisha. Mwongozaji mpya alikuja na mashine ya kupiga vivuli ukutani. Bwana anapiga makofi, vivuli vinakuja vikubwa vikubwa, vinamzunguka mzee, mzee hayupo. Watu walisifu. Kivuli hakiombi soksi, hakisinzii. Gunnel alistaafu mwaka huo, na mimi baada yake kidogo. Börje alishatangulia. Kwenye mazishi yake Sadiki alisimama mlango wa kanisa mpaka mtu akaja kumshika mkono kumwingiza.

Basi, mchezo wenu. Kama mnanisikiliza, pale mlipoandika "Vibaraka wanaingia", futeni. Andikeni "Vibaraka wanafika mlangoni". Waache wasimame hapo kidogo, mtu awaone. Wapeni majina, hata kama hayatatamkwa. Halafu kama ni lazima waingie, waingie, mfalme wenu ni mbaya, sina la kuwazuia. Lakini anayekaa chini ya kitanda naye mmkumbuke.

Neema sasa ni mtu mzima, ana kazi mji wa Södertälje na nyumba yake mwenyewe. Majira ya vuli yaliyopita Sadiki aliniomba nimsindikize, alitaka kumpelekea unga wa muhogo, aliupata mzuri kutoka kwa mtu. Mfuko mzima. Tukabadilishana kuubeba, wazee wawili, kwenye treni, kwenye ngazi, tunapumzika kila kona. Kufika, kengele ipo pale, kitufe kinawaka. Hakukibonyeza. Akavua kofia.

"Hodi."

Ndani redio ikapunguzwa. Sauti ya Neema ikajibu kwa Kiswidi, sauti nzuri tu, ya mtu ambaye ana mikono kwenye maji: "Det är öppet!" Mlango uko wazi.

Sadiki akanigeukia. Kiswidi anakijua kunizidi mimi. "Amesemaje?"

"Anasema mlango uko wazi."

"Hakusema karibu?"

"Hakusema."

Akasimama, kofia mkononi. Nikamwambia, Sadiki, ndugu yangu, mlango uko wazi, ni mtoto wako, hawa watoto ndivyo wanavyosema. Akatikisa kichwa. Akaulaza ule mfuko kwenye kizulia cha mlangoni, akaupigapiga juu kama mtu anayembembeleza mtoto, akavaa kofia. Tukaenda kwenye lifti.

Lifti ilichelewa. Nyuma yetu mlango ukafunguka. Hakuna aliyeita, nasi hatukugeuka. Tukasikia tu ule mfuko unaburutwa kwenda ndani, kidogo kidogo, unakwama kwenye kizingiti, unavutwa tena.

"Mzito ule," Sadiki akasema. "Ningemsaidia."